Mapanki, Ilyushin na Mkasi wa Mhariri

Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu biashara ya sangara wa Ziwa Victoria, ina urefu wa dakika 107 na haina msimulizi. Ukosefu huo wa msimulizi ndio unaoeleza kwa nini watazamaji wa Ulaya waliduwaa, kwa nini Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006, na kwa nini mtu wa Bukoba au Muleba akiitazama analiona ziwa lake lakini anahisi kuna kitu kimekatwa.

Mbinu yenyewe Sauper aliirithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji filamu wa Ufaransa, Kanada na Marekani walipata kamera nyepesi za kubeba begani na vinasa sauti vilivyokwenda sambamba na picha. Wakamfukuza yule msimulizi mwenye sauti nzito aliyekuwa akimwambia mtazamaji afikiri nini. Jean Rouch, aliyepiga picha nyingi Afrika Magharibi, alikuwa miongoni mwao. 

Sauper alifika Mwanza na msaidizi mmoja na kamera ndogo. Watu wawili wa namna hiyo hawamtishi mtu. Ndiyo maana marubani wa Ilyushin, ndege za mizigo zinazosafirisha minofu ya sangara kwenda Ulaya, waliwaachia waingie hadi vyumbani mwao, na mlinzi wa usiku mwenye mishale ya sumu akaongea nao kama anayepiga soga na jirani.

Kazi kubwa ilibaki kwa mhariri. Mapema tu tunamwona mwongoza ndege mnarani akihangaika na mdudu kwenye kioo huku ndege kubwa ya mizigo ikikaribia. Hakuna anayesema kwamba uwanja ule hauna usimamizi wa maana. Picha mbili zimewekwa jirani, nasi tunajisemea wenyewe. Dada mmoja anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania akiwa na marubani. Baadaye tunaambiwa ameuawa. Kiwandani ukutani kuna samaki wa plastiki anayeimba, na tukitoka hapo tunakutana na njaa. Ni ufundi wa hali ya juu, nami naukubali.

Kwenye dokezo la filamu kwamba ndege hizo huleta silaha ndipo ninapoanza kusita. Filamu inauliza tena na tena: ndege hizi huja na nini? Mwishoni mmoja wa wafanyakazi wa ndege anakiri kwamba aliwahi kupeleka zana za kivita Angola na kurudi na zabibu kutoka Johannesburg. Ushahidi huo ni mzito, ila unahusu Angola. Hatuonyeshwi hata sanduku moja la risasi likishuka Mwanza. Kwa kuwa maneno ya mfanyakazi huyo yamewekwa baada ya saa nzima ya ndege kupaa na kutua, mtazamaji anaondoka akiapa kwamba ameliona. Msimulizi angelazimika kutamka dai lake, nasi tungemdai uthibitisho. Mkasi haudaiwi chochote.

Mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani, nayo yamepigwa picha kwa karibu mno: funza, matope, moshi, mwanamke aliyeharibika jicho. Hayo yote yalikuwapo. Lakini kando ya ziwa letu panki lililokaangwa ni kitoweo na ni biashara ya akina mama, na kamera iliyosogea hivyo haikuacha nafasi ya kumwonyesha mnunuzi. Serikali nayo, badala ya kuuliza maswali kama haya kuhusu kamera na uhariri, ilijibu kwa hasira ya heshima ya taifa, na filamu ikazidi kutafutwa.

Ningependa kuona kamera ile ile Ikuza, Goziba au Bumbire, visiwa vya Muleba ambako sangara huvuliwa kabla ya kupelekwa viwandani. Huko kuna jambo ambalo kila mvuvi analijua na wachache hulisema kwa sauti: wakala humkopesha nyavu na injini, halafu yeye huyo huyo ndiye anayepima samaki na kupanga bei. Picha moja ndefu ya mzani huo, isiyokatwa, mkono wa wakala na macho ya mvuvi yakionekana pamoja, isingehitaji ndege wala Angola, na wakubwa wa biashara wangepata taabu zaidi kuijibu.