Ukumbusho na Siri ya Vita: Mgomo wa 1941 katika Picha za Lubumbashi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuitafuta fasihi katika diwani, riwaya na tamthilia. Mjini Lubumbashi mazoea hayo hayafikishi mbali. Baadhi ya maandishi yenye uzito mkubwa katika Kiswahili cha mji huo yalitokana na mazungumzo yaliyofanyika mbele ya picha. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 wakati mji ukiitwa Elisabethville, alimsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya Zaire mnamo 1973 na 1974, huku akimchorea mfululizo wa picha 101. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Remembering the Present, kilichapishwa mwaka 1996.

Miongoni mwa mada alizozichora Tshibumba ni ile ya mashahidi wa Union Minière. Tukio lenyewe ni la wakati wa vita. Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Wajerumani tangu 1940, na koloni likatakiwa litoe shaba kwa wingi kwa ajili ya mataifa yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani. Bei za vitu zilipanda, ujira haukupanda. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa migodi na viwanda, Jadotville na Elisabethville, waligoma wakitaka ujira utoke faranga 1.50 hadi faranga 2. Tarehe 9 Desemba waliitwa kwenye uwanja wa michezo wa Elisabethville ili wajadiliane na wakubwa. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa hapo. Masimulizi yanadai kwamba gavana Amour Maron ndiye aliyempiga risasi kwa mkono wake. Kisha askari waliwafyatulia risasi waliokusanyika. Hesabu ya serikali ilitaja watu wapatao 30, ilhali watafiti wametaja zaidi ya 60.

Katika Katanga picha za namna hii huitwa ukumbusho, na neno hilo linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko lilivyoangaliwa. Kumbukumbu ni kitu alichonacho mtu moyoni. Ukumbusho, kwa kuwa umetokana na kitenzi cha kusababisha, kumbusha, ni kitendo kinachomfikia mtu mwingine. Picha hizo, zilizochorwa aghalabu juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kuuzwa kwa bei ndogo, zilitundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hukaribishwa na watoto hukaa wakisikiliza. Picha haikueleza kila kitu, na wala haikukusudiwa kufanya hivyo. Ilimlazimu baba au babu aliyefanya kazi kampuni aseme. Kwa hiyo matini ya ukumbusho ina sehemu mbili, rangi na kauli, na anayeihakiki moja bila nyingine anahakiki nusu ya kazi. Tafsiri ya Kifaransa, souvenir, inaipunguza nguvu hiyo ya usababishi, na kuifanya picha ifanane na kikumbo cha mtalii.

Upo pia upande wa fumbo. Union Minière ilitaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mali zake zikawa za Gécamines, lakini mfanyakazi wa Zaire ya Mobutu aliyemtazama askari wa kikoloni akiinua bunduki au kiboko hakulazimika kufikiri kwamba mambo hayo yamepita. Yasiyoweza kusemwa juu ya leo yalisemwa juu ya jana. Mwenye nyumba alijua maana yake, na mgeni wake alijua pia.

Hapa ulinganishi na Uingereza una manufaa. Alastair Denniston aliongoza idara ya kufumbua maandishi ya siri ya adui kuanzia 1919 hadi 1942, akafariki mwaka 1961 bila umma kujua kazi yake. Pazia lilifunguliwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1974, kitabu cha Winterbotham kilipotoka, na mwanawe, Robin Denniston, alikuja kuandika habari za baba yake katika kitabu kilichotoka 2007. Kimya cha familia hiyo kilitokana na sheria na kiapo. Kimya cha familia za wagomaji wa Elisabethville kilitokana na hofu, ambayo haina tarehe ya kumalizika. Mwana wa Denniston alikuwa na nyaraka za kumsaidia. Mtoto wa mgomaji alikuwa na picha na maneno ya wazee.

Hata hivyo, sanaa ya Tshibumba ina upungufu ambao wanaoisifu huupita haraka. Jina mashahidi liko katika wingi. Kundi lilipata heshima, na Mpoyi, mtu mwenye jina na hoja zake, akamezwa na kundi hilo. Aina hii ya uchoraji huishi kwa kurudiarudia umbo moja ili lijulikane mara moja sebuleni, na umbo linalojulikana upesi haliachi nafasi kubwa kwa uso wa mtu mmoja. Kumrudisha Mpoyi kumekuwa kazi ya wanahistoria.

Lawama nyingine inaelekea kwingine. Kitabu cha 1996 kilimpa msomaji simulizi hilo kwa Kiingereza. Maneno ya Kiswahili, pamoja na ba- yake mahali pa wa- na Kifaransa chake kingi, yalianza kupatikana hadharani mwaka 1998 katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu. Wanaokiita Kiswahili hicho kibovu wameikosa hoja ya kimofolojia iliyo katika jina lenyewe la ukumbusho. Tshibumba hawezi kuulizwa tena: habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yaliyobaki ni sauti yake katika kanda, na picha zake, nyingi zikiwa nje ya sebule zilizochorewa.