Nakala Ipimwe kwa Kurudishwa

Wapo wanaoamini kwamba kazi ya kuhifadhi disketi za zamani imekwisha pale yaliyomo yanapohamishiwa kwenye kompyuta ya kisasa. Maoni yangu ni tofauti. Nakala ambayo haijarudishwa kwenye disketi na kusomwa na mashine yake ni kama mwanafunzi aliyepewa cheti bila kufanya mtihani: huenda anajua, huenda hajui.

Tuchukue mfano wa Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982, na kiendeshi chake cha disketi kiitwacho 1541. Upande mmoja wa disketi yake ya inchi 5.25 una njia 35 za mviringo, zilizogawanywa katika vipande 683, kila kimoja baiti 256. Anayetengeneza nakala kamili hachagui faili moja moja. Huchukua vipande vyote kwa mpangilio wake, pamoja na orodha ya mafaili iliyoko njia ya 18, na hata mabaki ya yaliyofutwa. Faili linalopatikana, lijulikanalo kama D64, lina baiti 174,848. Uzuri wa njia hii ni kwamba mnakili hajifanyi hakimu wa kuamua kipi kina thamani na kipi hakina.

Hata hivyo ina kasoro. D64 huchukua maana ya kila kipande, wala si jinsi alama za sumaku zilivyoandikwa. Watengenezaji wa michezo waliweka hitilafu za makusudi kwenye disketi ili kuzuia wizi, na mchezo wa aina hiyo ukirudishwa kutoka katika D64 aghalabu hukataa kuanza. Ndiyo maana ukabuniwa mtindo mwingine, G64, unaohifadhi mfululizo wa alama za kila njia.

Wengine watasema ipo programu inayoiga mashine ya kale. Ni kweli, na kwa kusoma tu yatosha. Lakini programu hiyo nayo imeandikwa na watu kwa kadiri walivyoielewa mashine. Pakizuka ubishi, mwamuzi ni mashine yenyewe.

Kurudisha si kazi nyepesi. Viendeshi vya kompyuta za kawaida haviandiki kwa mtindo wa 1541, hivyo yabidi kiendeshi chenyewe kiunganishwe na kompyuta ya leo kwa kifaa kama ZoomFloppy. Disketi nazo ziwe za aina yake. Zile za ujazo wa 1.2 MB zinadai nguvu kubwa zaidi ya sumaku, na maandishi ya 1541 hayashiki vizuri juu yake.

Msomaji wa hapa Segerea aweza kuuliza: haya yatuhusu nini? Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, kisha mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Wenzetu walipokuwa wakicheza na Commodore majumbani, sisi katika vyuo vya ualimu tulikuwa bado na taipureta na karatasi za stensili. Kwa hiyo disketi zetu za mwanzo ni chache, na zilizobaki zina mitihani, mihtasari ya masomo, tasnifu na kumbukumbu za vikao ambazo pengine hazikupigwa chapa mara ya pili. Joto na unyevunyevu wa pwani hii huotesha kuvu juu ya utando wa sumaku, na disketi iliyofungiwa kabatini haina kinga.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Wapenzi wa Commodore wanaokoa michezo ya watoto kwa uangalifu ambao sisi hatujaipa mitihani yetu wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari; leo daftari lenyewe ndilo linaloisha. Sony iliacha kuuza disketi za inchi 3.5 huko Japani Machi 2011, na viendeshi vinavyofanya kazi vinazidi kuadimika. Mwenye disketi na anakili disketi nzima, airudishe kwenye disketi nyingine, aisome kwa mashine yake, ndipo aseme amehifadhi.