Chokaa kwa kipimo

Anayeishi Kasha, kwenye miteremko ya Bagira, mashariki mwa Kongo, anajua kwamba mvua ikinyesha, kilicho juu hushuka ziwani. Kasese, magharibi mwa Uganda, somo hilo lilitolewa na lundo la pairiti, yaani madini ya chuma na salfa. Mgodi wa Kilembe, ulioanza uzalishaji mwaka 1956, uliuza shaba na kurundika pairiti yenye kobalti: zaidi ya tani milioni moja. Hewa na mvua vikatengeneza asidi humo, nayo ikateremka na metali ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, upande wa Ziwa George. Ilipopita, nyasi zilikufa.

Kampuni ya Kasese Cobalt, iliyoanza kazi mwaka 1999, haikulifukia lundo. Ililiozesha makusudi! Bakteria wanaokula chuma na salfa, ambao nje huharakisha kutokea kwa asidi, walifungiwa kwenye matangi na kupulizwa hewa. Ulaji wao hutoa joto linaloweza kuwaua wenyewe, kwa hiyo tangi lilipaswa kupozwa muda wote, libaki kwenye nyuzi arobaini na kidogo. Napenda sana ujanja huu wa kuuchukua uharibifu uleule na kuupa ajira.

Bakteria wakishayeyusha metali majini, huja chokaa, na hapo ndipo fundi hujulikana. Kila metali ina kiwango chake cha asidi ambapo huacha maji na kugeuka tope. Chuma hutangulia, pH ikikaribia 3. Shaba hufuata, halafu zinki. Kobalti na nikeli huchelewa. Ukimwaga unga wa mawe ya chokaa kwa pupa, vyote huanguka pamoja na kobalti huzikwa ndani ya tope la chuma. Ukiufanyia ubahili, chuma hubaki majini na kuharibu hatua zote zinazofuata. Basi hutiwa kidogo, hupimwa, husubiriwa, hutiwa tena. Tope lililokwisha kupozwa asidi lilikwenda kwenye bwawa la mabaki, na kobalti ikavunwa kwa umeme. (Sidhani kama kuna ambaye angejisumbua hivyo kama kobalti isingekuwa na bei.)

Uzalishaji ulisimama mwaka 2013. Juu bondeni, mabaki mengine ya Kilembe hayajawahi kupitia tangi lolote. Yako kando ya mto Nyamwamba, na mafuriko ya Mei 2020 yaliyamomonyoa. Mto huo huelekea Ziwa George, na maji ya ziwa hilo hupita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, ambalo sehemu yake kubwa iko Kongo.