Uchaguzi wa Mti wa Kipini cha Kisu

Visu vingi huachwa kutumika ilhali chuma chake kingali kizima, kwa kuwa kipini kimepasuka, au kimelegea penye msuka, au kimefyonza maji siku nyingi hata chuma kilichofichwa ndani kikaliwa na kutu. Na mwenye kisu, akiisha kukilaumu kipini kwa udhaifu wake, hutoka kutafuta mti mgumu kupita yote, akidhani kwamba ugumu ndio dawa. Walakini, kwa kazi hii ugumu ni sharti la pili. Sharti la kwanza ni utulivu, yaani tabia ya mti kutotanuka sana ulowapo, wala kunywea sana ukaukapo.

Sababu yake ni dhahiri. Mti ukaukapo hunywea zaidi kwa kuifuata duara ya pete zake, hunywea kadiri ya nusu ya hivyo kutoka kiini kwenda gome, na kwa urefu wa nyuzi haunywei ila kidogo mno. Ama chuma, maji hayo hayo hayakitanui wala hayakipunguzi. Basi kila kisu kioshwapo na kuanikwa, vitu hivyo viwili vilivyofungwa pamoja huvutana, na kinachoshindwa ni mti: huota ufa mwembamba kando ya ribiti, au tundu la msuka hupanuka na ubapa ukacheza.

Tuipime kwa kanuni hiyo miti miwili yenye sifa kubwa Tanzania. Mpingo una uzito wa kadiri ya kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, hata kipande chake huzama majini. Kiini chake cheusi kina mafuta ya asili, na kikisuguliwa vema hung'aa bila ya vanishi. Lakini hukauka polepole mno na kupasuka nchani, na shina lake aghalabu limepindika au lina uwazi moyoni. Mninga, ambao uzito wake ni kama nusu ya huo, hauwezi kushindana nao kwa ugumu, bali hunywea kidogo kuliko miti mingi na hutii randa na tupa. Mwembe, ujapokuwa karibu na kila mlango, huota ukungu upesi na hauvumilii unyevu. Na mti wowote uwao, weupe ulio chini ya gome huondolewa, kwa maana ndio chakula cha dumuzi.

Kuhusu mahali pa kuupata, kipini kimoja hakihitaji zaidi ya kipande cha sentimita 13 kwa 4 kwa 3, na mabaki ya kadiri hiyo hutupwa au huchomwa katika karakana za samani na kwa wachonga vinyago, kama wale wa Mwenge, Dar es Salaam. Hapana haja ya kuangusha mti kwa ajili ya kitu kidogo namna hii, na kuukata katika msitu wa hifadhi bila ya kibali ni kosa la kisheria. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2017 biashara ya mpingo baina ya nchi na nchi imo chini ya mkataba wa CITES. Bora zaidi ni mbao za milango na fremu kuukuu, ambazo zimekwisha kukaushwa na miaka, madhali misumari iliyozama ndani imetafutwa na kung'olewa kabla ya msumeno kupita.

Kipande kikipatikana, ncha yake ikatwe upya, ilainishwe kwa kisu kikali, kisha ipakwe maji kwa kidole. Uso hukauka mara moja, bali ufa usioonekana hushika maji na kubaki kama mstari mweusi. Kipande kibichi hupakwa nta nchani, huwekwa kivulini, na hupimwa katika mizani kila juma. Uzito ukikoma kupungua ndipo kiwe tayari. Wakati wa kukipasua, nyuzi zifuate msuka kwa urefu, kwani zikikatiza upande, kipini huvunjika karibu na noleo, mahali ambapo mkono hukaza zaidi. Mwenye kusugua mpingo au mninga na afunike pua, kwa kuwa vumbi lake huwasha.

Basi kwa kisu cha jikoni, kioshwacho mara nyingi kwa siku, mpingo uliokauka sawasawa una daraja ya juu. Lakini fundi aliyewekewa mbele yake mpingo mbichi na kipande cha mninga kilichotoka katika mlango wa zamani, na achukue mninga bila ya kusitasita.