Kugusa, Kugonga na Kupapasa: Istilahi za Simu kwa Wasioona

Wafasiri wa maelezo ya simu za kisasa aghalabu huvitumia vitenzi kugusa na kubonyeza kana kwamba ni kimoja. Kwa mtu anayeona, kosa hili si kubwa: alama anaiona kwenye kioo, akiigusa hufunguka, basi. Kwa asiyeona, kosa lilo hilo humfungia simu.

Tangu mwaka 2009 simu za iPhone zimekuwa na VoiceOver, programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kioo. Simu za Android zina TalkBack. Programu hizi zikiwashwa, mguso hubadilika kazi. Kidole kikigusa alama mara moja, simu hutaja jina lake tu, wala haifungui kitu. Ili kuifungua, mtumiaji hana budi kugonga mara mbili upesi. Akitelezesha kidole kwenda kulia, hupelekwa kwenye alama inayofuata.

Katika maelezo tuliyoletewa tuyakague, "bonyeza" ilisimama mahali pa yote haya. Mwenzetu asiyeona aliyasikiliza yakisomwa, akatuuliza: nibonyeze ili nijue, au nibonyeze ili nifungue? Hatukuwa na jibu.

Kwa maoni yetu, kubonyeza kuachiwe vitufe vinavyodidimia, kama vile vya kuongeza sauti. Kugusa kuwe kuweka kidole. Kugonga kuwe kule kupiga kwa wepesi. Ama kukipitisha kidole kiooni huku ukisikiliza kilichopo, twapendekeza kupapasa. Baadhi ya wenzetu walilipinga neno hili wakidai kwamba linamdunisha kipofu. Hatukubaliani nao. Taa zikizimika, sote hupapasa tukitafuta kiberiti, na hakuna aliyedunishwa. Isitoshe, neno lenyewe lina dhana ya kutafuta, ambayo "gusagusa" waliyoipendekeza haina.

Kosa la pili ni zito zaidi. Wapo wasioweza kuvitumia vidole vyao kwenye kioo. Hao huunganishiwa simu na kitufe kikubwa cha nje. Simu huzipitia alama moja baada ya nyingine, naye hukibonyeza (hapa kitenzi hiki ni halali yake) inapofikiwa ile aitakayo. Mfasiri aliuita utaratibu huo "Udhibiti kwa Kubadili". Kubadili nini? Bila shaka alikutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, akashika isiyohusika. Swichi yajulikana na kila aliyewahi kuwasha taa ya umeme. "Udhibiti kwa Swichi" ungetosha.

Kuhusu kuiamuru simu kwa sauti hatuna mengi: alama hupewa nambari, mtu akaitaja aitakayo. Kitenzi kutaja chatosha.

Limebaki jambo dogo. Mahali pengi maelezo hayo yasema "teleza kulia". Anayeteleza ni mtu, na huanguka. Kidole hutelezeshwa.