Mkono wa Kushoto

Ukitaka kumjua mtembeaji, mtazame anapoteremka. Kupanda ni mapafu tu. Mzee aliyetuongoza Kitulo alikanyaga kwa unyayo mzima, magoti yamelegea kidogo, fimbo ikitangulia kupima tope. Mimi nilitanguliza kisigino, nikateremka kwa makalio hadi kichakani. Hakucheka.

“Pole, mwalimu. Utelezi hauna cheo.”

Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua zikishika, nyasi hujaa maua hata wenyeji wakauita Bustani ya Mungu. Ukawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, mwaka uleule wanasayansi walipoutangazia ulimwengu kima aitwaye kipunji, ambaye wawindaji wa Mlima Rungwe walikuwa na jina lake zamani. Tulimsikilizia msituni, kwenye ukungu na miti yenye ndevu. Hatukumwona, na sikuona hasara.

Tulikuwa tunazunguka kilima kimoja: asubuhi msitu, alasiri maua. Njia ya mzunguko haikubali ubahili wala ufujaji wa nguvu, maana ukichoka nusu ya njia, kurudi na kuendelea ni mamoja. (Wenzangu wawili walihesabu kilomita kwenye simu. Wakachoka kwanza.) Kanuni ya mzee ilikuwa moja: kilima kikae mkono wa kushoto kutwa nzima.

Tulipotoka msituni akachutama ghafla. Mvua ilikuwa imefukua shina la okidi, viazi viwili vikabaki wazi: kimoja kimesinyaa, kilicholisha ua la mwaka huu, cha pili kigumu, kimejaa, akiba ya mwakani. Hicho ndicho wachimbaji hukitaka. Huvushwa hadi Zambia, kikapondwa na kupikwa pamoja na karanga, kikawa chikanda. Anayekichukua huondoka na maua ya miaka yote ijayo. Mzee alivifunika kwa kidole, udongo kidogo kidogo, kama anayefunika mtoto aliyelala, kisha akapiga hatua ndefu kuliruka jani la okidi.

Ukungu ulitukuta majanini, mweupe, kilima kikatoweka.

“Mwalimu, kambi iko wapi?”

Nikanyoosha kidole mbele, kwa uhakika kabisa.

Mzee akanishika mkono wa kushoto, akautikisa taratibu, akangoja.