Jicho la Mchagua Miche

Kurasini, hapa Dar es Salaam, haibembelezi maua. Huku bandari na matangi ya mafuta, huku Barabara ya Kilwa na malori yake ya makontena, na katikati ni mchanga, vumbi na upepo wa chumvi kutoka baharini. Bomba likikauka, wengi hukimbilia kisimani, na maji ya visima vingi vya pwani hii yana chumvi vilevile. Ndiyo maana namheshimu sana mtu anayejua kuchagua miche ya mbele ya nyumba. Watu husifu mkono unaomwagilia. Mimi nasifu jicho lililochagua, maana mche uliochaguliwa vizuri haudai ndoo kila jioni.

Wauza miche wa kando ya barabara wanalo jicho hilo. Mteja anafika na kunyoosha kidole kwenye waridi kwa kuwa limechanua. Muuzaji aliyeiva hakimbilii bei. Anauliza: jua linapiga mbele ya nyumba asubuhi au mchana? Maji unapata wapi? Nani anabaki nyumbani? Majibu yakishatoka, mara nyingi waridi linabaki kwenye kiriba chake, na mteja anaondoka na boganvilia.

Hiyo boganvilia nitaisema kwa kirefu, kwani inastahili. Asili yake ni Amerika Kusini, na jina lake limetokana na Bougainville, Mfaransa aliyeongoza msafara wa kuizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Shika tawi lake ulitazame kwa karibu. Zile karatasi tatu za zambarau, za chungwa au nyeupe si petali. Ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni kile kijibomba chembamba cha rangi ya maziwa kilichojificha ndani yake. Jani hudumu kuliko petali, kwa hiyo boganvilia hukaa na rangi yake wiki kadhaa, ilhali ua la haibiskasi kwa kawaida hunyauka siku ileile lilipofunguka. Na ukiishindilia maji na samadi, itakupa matawi marefu ya kijani yenye miiba, maua huyaoni. Masika yakipita, punguza yale matawi, kisha iache ipate kiu. Hapo ndipo inapochanua kwelikweli.

Rafiki yake wa chini ni krotoni, ambayo rangi zake zote zimo kwenye majani: njano, nyekundu, hadi zambarau iliyokolea. Ila ipewe jua; kivulini hurudi kuwa kijani. Pembeni weka waridi la jangwani, mwenyeji halisi wa Afrika Mashariki, ambalo huhifadhi maji katika shina lake nene. Utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa kale waliupaka mishaleni, basi lisiwekwe watoto wanapochezea. Mkrismasi ni mzuri mno ukiwaka mwekundu mwezi Desemba, lakini mizizi yake haifai kuwa jirani wa ukuta.

Ufundi huu wa kupima mmea kwa mahali haukuanza jana. Wajerumani walianzisha Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam mwaka 1893 ili kujaribu mazao, waone lipi litastahimili hewa hii. Muuza miche wa leo anafanya kazi ileile bila maabara wala mshahara. Ameona kipi kimekufa na kipi kimepona, na ujuzi huo anautoa bure kwa kila anayeuliza.

Basi ukienda kwake, msikilize kabla ya kuvutana bei. Muulize pia kama mche ulikaa juani au kivulini. Kama ulikuwa kivulini, uzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi, ndipo uupande, na uupande vuli ikianza ili mvua ikufanyie kazi ya kumwagilia.